Santuri imeoshwa, bado inakwaruza: kutafuta kasoro kwenye mashine ya kufyonza

Kinachoosha santuri ni dawa na brashi. Mashine yenyewe ina kazi moja: kuyavuta maji machafu yatoke kwenye mifereji kabla hayajakauka humo. Maji yakibaki, uchafu uliokwisha kulainika unaganda upya, safari hii chini kabisa ya mfereji, na sindano itaukuta hapo. Kwa hiyo kabla ya kununua dawa nyingine au kuilaumu santuri, jiulize maji yanabaki wapi na hewa inavujia wapi. Kasoro nyingi zilizoelezwa hapa chini zinarudi kwenye maswali hayo mawili.

Maelezo haya yanahusu mashine za mkono wenye mwanya mrefu uliobandikwa mahameli kandokando, kama za VPI, Okki Nokki na Pro-Ject. Zile za Keith Monks na Loricraft, zenye kimdomo kidogo na uzi unaotembea, zina mambo yake na hazimo hapa.

Kwanza, kazi nzuri inavyokuwa

Kwa upande mmoja wa LP (santuri kubwa ya mizunguko 33 kwa dakika), piga vumbi kavu kwa brashi ya nyuzi za kaboni, weka sahani, yaani santuri yenyewe, kaza kibano cha katikati. Sahani ikizunguka, mimina mililita 3 hadi 5 za dawa na uisambaze kwa brashi laini kwa kufuata mifereji, nusu dakika kwenda na nusu dakika kurudi kama mashine yako inazunguka pande zote mbili. Acha dawa ikae dakika 1 au 2, isikauke. Fyonza mizunguko 2. Kisha mimina mililita 3 za maji matupu, sambaza kwa brashi nyingine, fyonza tena mizunguko 2.

Sahani ikitoka hapo inatakiwa iwe kavu kwa macho na yenye ubaridi kidogo ukigusa ukingo wake. Isimamishe kwenye kichanja cha vyombo kwa robo saa, ndipo uiingize kwenye bahasha mpya ya ndani. Bahasha ya zamani ina vumbi lilelile ulilotoka kuliondoa, na kuirudishia sahani safi ni kuharibu kazi yote.

Maji yanabaki juu ya sahani

Tazama maji yaliyobaki yana umbo gani, kwa maana kila umbo lina chanzo chake.

Ukiona *duara jembamba, mahali palepale kwa kila sahani*, mwanya umeziba hapo au mahameli imeliwa hapo. Geuza mkono, mulika kwa tochi ya simu. Mara nyingi utakuta unyuzi wa brashi, kipande cha karatasi ya lebo, au tope jekundu lililoganda. Litoe kwa kijiti cha meno cha mbao. Kisu au bisibisi itakwangua ukingo wa mwanya, na ukingo wenye kovu utavujisha hewa daima.

Ukiona *ukanda mpana wenye maji upande wa nje au upande wa lebo*, mkono haujalala sawa na sahani, au sahani yenyewe imepinda. Kutofautisha ni rahisi: weka sahani unayojua imenyooka. Ukanda ukitokea tena, kasoro ni ya mkono. Usipotokea, ni sahani. Kupima mkono, zima mota zote, ushushe juu ya sahani kavu iliyosimama, kisha pitisha kipande cha risiti ya dukani chini ya mahameli, kwanza karibu na ukingo, halafu karibu na lebo. Unapoivuta risiti, mkwamo wake unatakiwa uwe mwepesi na sawa sehemu zote mbili. Ikiteleza upande mmoja na kung'ang'ania upande mwingine, legeza skrubu ya urefu, rekebisha kidogo, pima tena. Kwenye mashine ambazo bomba la mkono linaweza kuzungushwa, hakikisha mwanya unatazama chini wima. Ukiinama hata kidogo, mdomo mmoja wa mahameli unanyanyuka na hewa inaingilia hapo.

Kwa sahani iliyopinda, usiukandamize mkono kwa nguvu. Fyonza mizunguko 3, kisha maji yaliyobaki bondeni yafyonze kwa kitambaa cha maikrofaiba kikavu kwa kugusisha tu, bila kusugua.

Ukiona *mstari mmoja kutoka lebo hadi ukingo*, hayo ni maji yaliyokuwa ndani ya bomba yaliyorudi chini ulipozima mfyonzo. Nyanyua mkono wakati mota bado inavuta, ndipo uzime. Kama mkono wa mashine yako haunyanyuki mpaka mfyonzo ukatike, ongeza nusu mzunguko ili bomba likauke, kisha zima huku sinia, lile bamba linalozungusha sahani, likiendelea kuzunguka. Kila baada ya sahani chache washa mfyonzo kwa sekunde 10 mkono ukiwa hewani, maji ya ndani ya bomba yaishie tangini.

Ukiona *unyevu sahani nzima*, nguvu ya kuvuta imepungua, na hapa ndipo watu wengi wanapokimbilia kununua mota mpya bila sababu. Acha sikio lifanye kazi. Mota ya kufyonza ikizibwa njia ya hewa hupandisha sauti, kwa sababu haina hewa ya kusukuma na inazunguka haraka zaidi. Washa, ziba mwanya wote kwa kiganja au kwa utepe wa fundi umeme. Sauti ikipanda sana, mota na njia yote ni nzima; kilichochoka ni mahameli. Sauti isipopanda, hewa inaingia mahali pengine. Chomoa mkono, ziba tundu lake kwa kiganja. Ikipanda sasa, mkono ndio unaovuja, pengine mpira wa duara unaouziba umekauka. Isipopanda bado, fungua mashine na uendelee hivyo hivyo kiungo kwa kiungo: mpira kati ya mkono na tangi, kifuniko cha tangi, gasketi ya mota. Mpira ukipinda karibu na kiungo hupasuka upande wa chini usioonekana. Upitishe kidole pande zote. Kila unapozima ili kuchomoa kitu, chomoa pia waya ukutani.

Mahameli ikiwa ndiyo mbovu, badilisha pande zote mbili kwa pamoja, kwani ukiweka mpya upande mmoja tu, ule wa zamani utakuwa chini na hautagusa. Bandua ile kuukuu, futa gundi kwa alkoholi ya isopropili, acha pakauke kabisa, bandika mpya huku ukiacha mwanya wa katikati wazi kwa urefu wake wote. Vipande halisi vyenye gundi yake huagizwa nje. Ukilazimika kutafuta kitambaa Kampala, maduka ya Kiyembe yana mahameli ya kila namna, lakini chagua yenye manyoya mafupi na mgongo usiovutika. Ile ya gauni za sherehe inavutika, na manyoya yake marefu yanalala baada ya sahani chache tu. Kata kwa wembe na rula kabla ya kubandika. Mkasi huacha nyuzi zinazoning'inia, nazo zitaingia kwenye mwanya.

Sahani ndogo za 45 hazikauki

Hili ni tatizo kubwa kwetu kuliko kwa wenzetu wa Ulaya, maana muziki mwingi wa Afrika Mashariki ulitoka kwenye sahani hizi za sentimita 17.5, za mizunguko 45 kwa dakika. Nyimbo za akina Elly Wamala na Fred Masagazi, rumba ya Kongo, na nyimbo za Kiswahili za Nairobi, rundo kubwa ni 45. Mashine nyingi zimepimwa kwa LP.

Ukitumia mkono wa LP juu ya 45, zaidi ya nusu ya mwanya inabaki nje ya sahani. Hewa hufuata njia rahisi: inaingilia huko nje na kuyaacha maji yalivyo. Suluhisho la kweli ni mkono mfupi wa inchi 7, ambao watengenezaji kadhaa huuza kando. Usipoupata, ziba sehemu ya mwanya inayobaki nje kwa utepe wa fundi umeme, ukiufuata ukingo wa sahani kwa usahihi wa milimita 2 hivi. Utepe usipande juu ya mahameli inayogusa sahani. Uondoe siku hiyohiyo, la sivyo gundi itahamia kwenye mwanya.

Kiasi cha dawa nacho kipungue. Eneo lenye mifereji la 45 ni kama robo ya lile la LP, kwa hiyo mililita 1 inatosha, 1.5 kwa sahani chafu sana. Ukimimina 4, zitakimbilia kwenye lebo, na wino wa lebo nyingi za zamani hutoka ukiloa. Kibano chenye mpira wa kuziba kiifunike lebo yote, na dawa ianzie sentimita 1 kutoka kwenye lebo. Brashi itaisogeza yenyewe. Lebo ikiloa, usiifute. Gusisha karatasi laini inyonye maji, kisha iache ikauke wazi.

Sahani yenye shimo kubwa la katikati iwekewe adapta inayokaza. Ikicheza, kibano kitakaa upande, na ule ukanda wa maji uliotajwa juu utaonekana nusu mzunguko tu.

Kelele zimeongezeka baada ya kuosha

Sahani iliyokuwa na mikwaruzo michache sasa inatoa mlio kama mafuta yanayokaanga, na sindano inatoka na ukoko wa kijivu. Dawa imeulegeza uchafu, lakini haikuuondoa wote. Safisha sindano kwanza, kwa brashi yake, kutoka nyuma kwenda mbele. Kisha osha sahani mara ya pili na uisuuze mara mbili. Sahani iliyokaa miaka mingi chumba kimoja na jiko la mkaa ina masizi yenye mafuta, na hiyo haitoki kwa mkupuo mmoja hata kwa mashine ya bei kubwa. Hakikisha pia mkono wa kuoshea na wa kusuuzia ni tofauti, au walau suuza mahameli kati ya hatua hizo. Mahameli iliyojaa dawa chafu inaipaka upya sahani uliyotoka kuisuuza.

Kama kelele ni zilezile hata baada ya kusuuza, geukia dawa yenyewe. Mchanganyiko unaotegemeka kwa santuri za vinaili (plastiki ya LP na 45), kwa lita 1:

- maji yaliyokenekwa, mililita 800
- alkoholi ya isopropili ya asilimia 99, mililita 200
- Ilfotol au Photo-Flo, ile dawa ya wapiga picha ya kuzuia matone kwenye filamu, mililita 1

Hiyo mililita 1 ni kidogo sana kuliko kipimo cha filamu, na iwe hivyo. Ikizidi, povu litaingia tangini, na utando mweupe utabaki kwenye mifereji. Sabuni ya vyombo haiwezi kushika nafasi yake. Ina chumvi, manukato na vilainisha mikono, vyote vinabaki.

Makosa ya viungo kwetu huku ni matatu. La kwanza ni spiriti ya famasi. Spiriti ya kusafishia vidonda huwa imetiwa mafuta ya nyonyo na vitu vingine vya kulinda ngozi, na mafuta hayo hayakauki. Uliza alkoholi ya isopropili kwenye maduka ya vifaa vya maabara au ya elektroniki, na usome lebo: kitu kimoja tu kiandikwe humo. La pili ni kitakasa mikono. Hata kile kilichotengenezwa kwa kanuni ya Shirika la Afya Duniani kina gliserini asilimia 1.45, ambayo imewekwa makusudi ibaki mkononi. Itabaki na kwenye mfereji. Waragi, pombe kali yetu, vilevile, iache mezani.

La tatu ni maji. Maji ya bomba ya Kampala yanatoka Ziwa Victoria, na yakikauka huacha chumvi. Ya visima vya kuchimba huwa mazito zaidi. Maji ya chupa ya kunywa yana madini kwa makusudi. Kuchemsha hakuondoi madini. Kunayaongezea ukali kwa sababu maji yanapungua na chumvi inabaki. Maji ya betri yanayouzwa kwenye vituo vya mafuta yanaweza kufaa, mradi lebo iseme ni maji yasiyo na asidi, kwa kuwa asidi ya betri huuzwa kwenye chupa zinazofanana. Kwa vyovyote vile, yapime. Tonesha tone moja juu ya kioo safi, acha likauke lenyewe kivulini, kisha inamisha kioo kuelekea dirishani. Ukiona pete ya weupe pale tone lilipokuwa, pete hiyohiyo ingebaki ndani ya kila mfereji. Kioo kikiwa kitupu, maji yanafaa. Rudia kipimo hiki kwa kila kopo jipya, hata la chapa uliyoizoea, kisha pima na dawa iliyochanganywa. Dawa itaacha kivuli hafifu cha ile mililita 1, ndiyo maana tunasuuza.

Sahani inanata vumbi na kutoa cheche

Nywele za mkono zinasimama ukiinyanyua sahani, na vumbi linaifuata hewani. Huo ni umeme tuli, na umetokana na kufyonza kupita kiasi. Maji yakishaisha, mahameli kavu inasugua vinaili kavu, na kila mzunguko unaongeza chaji. Mizunguko 2 inatosha. Sahani ikitaka zaidi, rudi kwenye sehemu ya maji yanayobaki, kwa sababu tatizo liko huko. Usianze kufyonza mahameli ikiwa kavu kabisa. Ilowanishe kwa dawa kidogo kabla ya sahani ya kwanza ya siku.

Kampala wakati wa mvua, kati ya Machi na Mei na kati ya Septemba na Novemba, hewa yenyewe ina unyevu wa kutosha na tatizo hili huwa dogo. Kaskazini na Karamoja, kiangazi kikiwa kikali, weka beseni la maji chumbani na usifute sahani kwa kitambaa cha nailoni.

Sinia linapunguza mwendo au kusimama

Likisimama wakati wa kusugua, unakandamiza brashi mno au mkanda umelegea. Nyuzi za brashi zifanye kazi kwa ncha zake. Zikipinda, zimeacha kuingia mferejini.

Likisimama wakati wa kufyonza tu, mfyonzo umeing'ang'ania sahani. Mahameli ikiliwa, mdomo wa bomba unakaribia sahani mpaka unaiziba kama kizibo. Zima mara moja, usilizungushe sinia kwa mkono, kwani plastiki ya bomba inaweza kuwa tayari inagusa mifereji. Badilisha mahameli. Kama mahameli ni mpya na bado inang'ang'ania, manyoya yake ni marefu mno au mkono umeshushwa chini kuliko inavyotakiwa.

Sahani ikisimama huku sinia likizunguka chini yake, kaza kibano na ufute mkeka, umelowa.

Mota dhaifu, ya moto, au inayojizima

Umeme wa Uganda ni volti 240, hezi 50. Mashine iliyotoka Marekani ni ya volti 120 na hezi 60, na transfoma ya kushusha volti haibadilishi hezi. Mota ya sinia inayofuata hezi itazunguka kwa asilimia 83 ya mwendo wake: mashine ya mizunguko 18 kwa dakika itafanya 15. Mwendo huo hauharibu uoshaji. Sahani inapata muda mrefu zaidi chini ya mkono. Mota ya kufyonza haijali hezi, bali inajali wati, na huvuta umeme mwingi inapoanza. Transfoma iwe na uwezo mara mbili ya wati zilizoandikwa mgongoni mwa mashine. Iliyo ndogo itapata moto na kushusha volti, nawe utadhani mota imechoka.

Jambo hilohilo hutokea jioni, mtaa mzima ukiwa umewasha. Volti ikishuka, mfyonzo unashuka nayo. Ukiona mashine inavuta vizuri saa nne asubuhi na vibaya saa mbili usiku, usiifungue. Pima volti ukutani, au weka stebilaiza. Inveta za bei nafuu za sola zisizotoa wimbi laini hufanya mota ya sinia ingurume na kupata moto. Usiitumie mashine humo.

Ikijizima ghafla baada ya kazi ndefu, kinga ya joto imekata. Ipumzishe nusu saa, angalia kama tundu la hewa ya kutokea limezibwa na ukuta au kitambaa, kisha endelea kwa kupumzisha kati ya sahani. Ikitoa cheche nyingi na harufu ya kuungua, kaboni za mota zimeisha. Hizo fundi mzuri wa mota atazichonga na kuzibadilisha. Mafundi wa Katwe, Kampala, hufanya kazi hiyo kila siku kwa mota za drili na za mashine za kusagia. Mlio wa kukwaruza chuma ni beringi, na mara nyingi beringi hufa kwa sababu maji yaliifikia.

Hapa kuna jambo la usalama lisilo na mjadala. Kaboni za mota hutoa cheche hata zikiwa nzima, na mvuke wa alkoholi unashika moto. Usivuke asilimia 25 ya alkoholi kwenye dawa, wala usimwage alkoholi tupu kwenye sahani na kuifyonza. Fungua dirisha. Na kwa kuwa maji na umeme viko kwenye sanduku moja, pini ya tatu ya plagi ifanye kazi, waya wa ardhi uwe umeunganishwa kweli ukutani, na fyuzi ya plagi iwe ya ampea 5 kwa mashine isiyozidi wati 1,000, siyo 13.

Maji yanatoka chini, au mashine inanuka

Tangi limejaa maji, au limejaa povu. Mwaga tangi kila mwisho wa kazi hata kama ni nusu, kisha acha tundu lake wazi likauke. Maji machafu yakilala humo kwa joto letu, ndani ya siku chache yanaota utando na harufu, na hewa ya mfyonzo inarusha harufu hiyo chumbani. Suuza tangi kwa maji yenye dawa ileile ya alkoholi. Jiki iache, klorini inakula mipira ya kuzibia.

Kama ulifyonza na tangi likiwa limejaa hadi maji yakatokea tundu la hewa, usiiwashe tena siku hiyo. Mwaga, fungua, acha mota ikauke mahali penye hewa kwa siku 2.

Mikwaruzo mipya, myembamba, ya mviringo

Vumbi letu la murram, udongo mwekundu wa barabarani, lina chembe za mchanga ngumu kuliko vinaili. Chembe moja ikishika kwenye mahameli, itachora duara kwenye kila sahani inayofuata. Ndiyo sababu vumbi kavu litolewe kwanza, na mahameli ipigwe mswaki laini baada ya kila sahani, ikisuuzwa baada ya sahani 5 hivi. Tazama pia mkeka wa sinia. Ukigeuza sahani, upande uliokwisha kuoshwa unalala pale ulipolala upande mchafu. Uwe na mikeka miwili, mmoja wa upande mchafu na mmoja wa upande safi. Mashine zinazoshika lebo tu, kama Pro-Ject, zimeepuka tatizo hili.

Madoa ya kuvu

Santuri zilizokaa kwenye sanduku la chini wakati wa mvua hutoka na madoa meupe yenye umbo la nyota au vumbi la unga. Usianze na mashine. Toka nje, vaa barakoa, pangusa kwa brashi kavu ambayo haitatumika kwa kazi nyingine. Kisha mashine: dawa ikae dakika 3, brashi, fyonza, rudia mara 2, suuza. Bahasha ya ndani itupwe, jalada lianikwe kivulini siku nzima. Mahameli ioshwe kwa dawa kabla ya sahani nyingine.

Ukungu unaofanana na pumzi juu ya kioo, ulio na umbo la bahasha ya plastiki, si kuvu. Plastiki ya bahasha imekula uso wa vinaili, na hakuna dawa inayoutoa.

Sahani za 78

Sahani nzito, inayovunjika kama kigae, iliyoandikwa 78, karibu kila mara ni ya shelaki, na alkoholi huyeyusha shelaki. Mashine ile ile inaweza kutumika, lakini kwa maji yaliyokenekwa na ile mililita 1 ya Ilfotol kwa lita tu, kwa mkono na brashi ambazo hazina mabaki ya alkoholi, na bila kuiacha ikalowa: mimina, sugua kwa sekunde 30, fyonza. Usiigeuze sahani yenye ufa juu ya sinia. Ukishindwa kujua sahani ni ya shelaki au vinaili, ichukulie kuwa ya shelaki. Rekodi nyingi za zamani za Uganda ziko kwenye 78 ambazo hazina nakala nyingine, na chupa isiyo na lebo kwenye meza ya kuoshea imetosha kuzipoteza. Andika kwa herufi kubwa: YENYE ALKOHOLI, ISIYO NA ALKOHOLI.

Kelele zisizoondoka

Baada ya yote, sikiliza kwa saa. Mlio unaorudi kila sekunde 1.8 kwenye LP ya mizunguko 33, kila sekunde 1.33 kwenye 45, au kila sekunde 0.77 kwenye 78, unatoka sehemu moja ya sahani, mzunguko hadi mzunguko. Ni mkwaruzo uliokatisha mifereji, na kuosha hakutaugusa. Mlio unaorudia mfereji mmoja tu, sindano ikiruka au kunasa, mara nyingi ni chembe iliyoganda. Weka tone la dawa hapo kwa dakika 10 ukiongeza kila linapotaka kukauka, sugua kwa brashi kwa kufuata mfereji, fyonza, cheza. Rudia mara 2 au 3 kabla ya kukata tamaa.

Sauti inayopasuka mwimbaji anapopaza, hasa karibu na lebo, na iliyo tulivu penye ala peke yake, ni mifereji iliyoliwa na sindano butu ya miaka iliyopita. Hapo badilisha ukubwa au umbo la sindano, maana nyingine hugusa sehemu ya ukuta wa mfereji ambayo ile ya zamani haikufika.